Wenyeviti Wawili

Jumapili, 3 Machi
Sijamwambia mtu: leo nimempigia kura Daktari wa Meno, si babu.

Kura yangu ya kwanza tangu nimalize shule! Babu ni mwenyekiti wa gurudwara yetu, hekalu la Masingasinga, miaka yote, na fedha za ukarabati anataka zipake kuba dhahabu. Lakini paa la jiko, tunamopikia watu wote chakula cha bure, linavuja. Mimi napika, shangazi kashika mwavuli juu ya sufuria. Mvua ikinyesha, mchuzi unaongezeka. Daktari ameahidi paa.

Matokeo: thelathini kwa thelathini. Sare! Ni mimi huyo.

Jumanne, 5 Machi
Tuna wenyeviti wawili. Babu amekifunga kiti cha ofisini kwa mnyororo na kufuli. Asiye na kiti atakuwaje mwenyekiti, anasema. Daktari akaenda kliniki, akarudi na cha kwake — kile cha kung'olea meno! Anaongoza kikao amelala chali. Shangazi anasema akikiona tu, jino linamuuma.

Ijumaa, 8 Machi
Benki imerudisha hundi ya gesi. Sahihi mbili za mwenyekiti, moja juu ya nyingine. Wanamtaka mwenyekiti mmoja. Hakuna mwenyekiti, hakuna gesi, hakuna chakula cha watu. Kura itarudiwa Jumapili, ya siri kama mwanzo.

Jumapili, 10 Machi
Babu kasimama mbele ya wote. Eti wasije wakasema anaiba, mjukuu wake asipige kura, ahesabu. "Huyu uongo haujui. Nakubali kupungukiwa kura moja!" Watu wakamsifu. Daktari akamkumbatia!

Nimefungiwa ofisini na karatasi. Nimekaa kwenye kiti cha meno, kile kingine kina kufuli.

Babu: thelathini. Daktari: ishirini na tisa.

Babu hajapungukiwa hata moja. Aliyepungukiwa ni Daktari! Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Nikiwasomea, babu atajua palepale, mbele za watu. Nikiondoa moja yake, ni sare tena — na jiko halina gesi.

Mlango unagongwa. "Mama wee, karatasi hizo au unahesabu ndevu zangu?" Babu. Anacheka. Ana uhakika ameshindwa kwa heshima.

"Nakuja, babu."

Sijainuka. Shajara, wewe huna mdomo. Tafadhali usiote mmoja leo.