Nyota Nyuma ya Jina

Mujukuu wangu Mwadi, yambo. Huku Kamina tuko bazima, na mama yako ameanza tena kuuza samaki ya Kinkondja.

Unauliza kama kukopia mafaili kwenye kompyuta kwa kuandika mwanzo wa jina na alama ya nyota (*) nyuma yake kunaweza kuchukua mafaili mengi kupita ulivyotaka. Kunaweza. Nyota haichagui: inabeba kila faili yenye jina linaloanza hivyo.

Wakati wa vita, nilipokuwa karani wa kompyuta, shefu wa ofisi yetu alinipa majina matatu: Ilunga, Kabongo, Mutombo. "Kopia mafaili ya wafanyakazi, ya hawa bageni, kwa disketi. Tunabafukuza."

Nikamwambia hata benyeji, benye kuzaliwa hapa, banaitwa hivyo.

"Weye andika tu."

Njo nikaandika amri vile alivyosema, kila jina na nyota yake. Yaliyotoka nikayasoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Jina la kwanza lilikuwa lake shefu mwenyewe: naye ni Ilunga.

"Shefu, unafunga mizigo lini?"

Hakuna aliyefukuzwa, na disketi ningali nayo. Hajathubutu kuiomba.

Nkambo yako