Maji ya Ubatizo Yamegeuka Rangi, Naambiwa Nimtaje Mwanaume

Mpendwa Mama Kezia, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na ukiisoma barua hii redioni majina yote nimeyabadilisha, mimi niite Mama Elie wa huku Kasulu, njia ya kwenda Kabanga, ingawa mtaani kwetu nyumba yenye bwawa la kuogelea ni moja tu na watu watajua, lakini potelea mbali, wameshanisema kiasi cha kutosha.

Mume wangu anafanya biashara ya maharage, wiki nzima yuko minadani huko Kibondo, na bwawa alilijenga kwa sababu baba yake aliingia nchi hii mkimbizi, amebeba mkeka kichwani, na yeye akaapa kwamba iko siku mabosi wa mashirika watakuja kuomba kuogelea kwake. Mabosi hawakuja. Waliokuja ni kanisa, maana sisi tunabatiza kwa kuzamisha na kiangazi mto unabaki matope, basi kila ubatizo ni kwetu, na yeye ni mzee wa kanisa, anasimama getini na suti anapewa mkono, na mimi niliyeamka alfajiri kuopoa majani kwa wavu na kusugua kuta zisiote utelezi na kuosha chujio na kupima dawa niko jikoni napika pilau ya wageni. Sijawahi kuogelea humo, Mama Kezia. Mke wa mzee wa kanisa ataogelea amevaa nini? Mimi naingia na brashi tu, mpaka vidole vimebabuka kwa klorini. Na sikulalamika, kwa sababu maji yale yalikuwa mazuri, ya mvua, tuliyakinga kwenye mabati wakati wa masika, ukisimama juu unahesabu marumaru za chini, na moyoni nilikuwa najisifu kidogo.

Sasa mwezi uliopita ukaja ubatizo mkubwa, askofu anakuja, mume wangu akasema maji ya zamani hayafai, watu wameacha dhambi zao humo, askofu lazima abatizie maji mapya. Nikamwambia, Baba Elie, maji hayana shida, mimi ndiye ninayeyatunza, na kiangazi hiki utapata wapi mengine? Akanijibu, "Wewe jua ya jikoni." Akayafungulia yote yakamwagika barabarani, majirani wanatoka chemchemi na ndoo kichwani wanaangalia, kisha akawasha pampu ya kile kisima kirefu alichochimba juzijuzi, ambacho mimi sikipendi hata kufulia kwa sababu mashuka meupe yanatoka na manjano. Bwawa likajaa, maji meupe kabisa, akafurahi. Asubuhi ya ubatizo akaniambia, "Weka dawa mara mbili, yang'ae askofu akifika." Nikaweka.

Kwaya haijamaliza wimbo wa pili, maji yakaanza kuwa kama chai ya rangi. Binti wa kwanza kubatizwa, anaitwa Winnie, alikuwa ameshaingia, akatoka na kanzu yake nyeupe ina madoa ya kutu mpaka kifuani, analia. Mchungaji akamwangalia askofu, kisha akasema, "Maji yamekataa. Kuna uchafu katika nyumba hii." Halafu mama mkwe wangu akasema kwa lugha ya nyumbani, polepole lakini kila mtu alisikia, "Amazi ntabesha," yaani maji hayadanganyi, na akaniangalia mimi.

Tangu hapo anayesemwa ni mimi tu. Mara mume hashindi nyumbani, mara fundi wa pampu, Nkunzimana, anaingia kwangu kila mwezi eti kuangalia pampu, nani amemwona akiiangalia. Fundi wa watu ana mke wake huko Titye, hata chai ya kwangu anainywa amesimama. Wazee wakaniita, na Mzee Havyarimana, ambaye ndiye mkubwa wao, akaniambia kwa upole, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "mficha uchi hazai. Taja jina, Mungu anasamehe." Nimeapa, nimelia, hawataki. Jumapili hii nisimame mbele ya kanisa nimtaje, nisipomtaja narudishwa kwa wazazi wangu Kitahana na watoto wanabaki. Na mume wangu, Mama Kezia, mume wangu mwenyewe ananiambia, "Ungama tu yaishe, mimi nitakusamehe." Anisamehe nini? Lakini nimechoka kiasi kwamba naanza kufikiri niungame tu nibaki na wanangu, maana hata mimi sijui maji yale yalinigeuka kwa nini, na kuna wakati najiuliza labda ipo dhambi niliyoisahau. Nifanye nini?

Mama Elie, Kasulu.

*

Mama Elie, pole. Ni pole ya kweli, na ukishaipokea kaa vizuri nikugombeze.

Eti uungame tu. Ukilitaja hilo jina Jumapili, hutakuwa umejichafua peke yako, utakuwa umemvunjia fundi Nkunzimana nyumba yake kule Titye, mtu ambaye kosa lake ni kutengeneza pampu yenu. Wanao nao watakua wakiitwa watoto wa yule aliyetubu. Hiyo siyo kuyamaliza, ni kuyaanza. Na hiyo dhambi uliyoisahau, mama, mtu husahau funguo, hasahau mwanaume. Acha kuwasaidia kukutafutia kosa.

Jibu la maji umeliandika mwenyewe ukalipita mbio: mashuka. Kisima kinachotia mashuka manjano kina chuma. Maji yakitoka ardhini chuma hukioni, maji meupe unaweza kumkaribisha nayo askofu. Yakikutana na klorini, kile chuma kinageuka kutu, na wewe ukaambiwa utie mara mbili. Ya mvua hayakuwa na chuma, ndiyo maana miaka yote hukuliona jambo hili. Mkweo hakukosea, maji hayadanganyi. Yalisema yana chuma. Wao wakasikia zinaa, kwa sababu ndiyo waliyokuwa wamekaa tayari kuisikia.

Bwawa lenyewe litapona mapema kuliko nyumba yako. Shabu ile ya kutulizia maji ikorogwe kwenye ndoo, imwagwe kote, kisha pampu izimwe na maji yaachwe usiku kucha bila kuguswa. Kutu ikilala chini, ivutwe taratibu kwa mpira mpaka nje ya ua, isipitishwe kwenye chujio, itaziba. Irudiwe hivyo mpaka marumaru zionekane. Baada ya hapo dawa kidogo kidogo, tena jioni, na mvua zikianza mrudi kwenye mabati yenu. Anayeshika dawa avae glovu. Na umeona sijasema wewe ufanye. Safari hii brashi apewe yule wa getini na suti yake.

Maana hebu tuulizane. Nani alimwaga maji mazuri barabarani mbele ya watu wenye kiu? Nani aliwasha pampu ya kisima? Nani alisema mara mbili? Na maji yalipogeuka alikuwa amesimama palepale, anajua mikono yake imepita wapi, akanyamaza, ukafanywa jalala la kanisa zima. Leo ndiye anayekusamehe. Huyo mimi sina shabu yake. Sitakuambia umwache wala ukae, hilo utaliamua ukishapumzika, lakini muulize maswali hayo mbele ya mama yake, na usilie wakati unauliza. Na Baba Elie, kama unanisikia hapo ulipo, Jumapili haijafika, bado unaweza kusimama wewe kabla ya mkeo.

Asiposimama, nenda mwenyewe. Jaribu kwanza nyumbani uone kwa macho yako, ili ukifika usitetemeke. Halafu siku hiyo vaa vizuri, beba ndoo nyeupe yenye maji ya kisima chenu yaliyotoka asubuhi ileile, na klorini kidogo kwenye kopo. Wakikuita, iweke ndoo mbele yao. Mchungaji ainame ayaone yalivyo meupe. Dawa aitie Mzee Havyarimana kwa mkono wake, wewe usiguse kitu. Kisha kaa chini unyamaze, kwaya iimbe. Yakishakuwa chai ya rangi, simama, na kwa upole uleule waliokuulizia wewe, waulize: ndoo hii imezini na nani?