Hodi ya Nne

Kiponda, Unguja

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa vizuri, mguu umepungua kuvimba, na mvua za huko Ujiji zimekuachia paa lako. Mimi nipo hai, ila siwezi kusema. Ndiyo maana simu zako nilikuwa nazikata, ukadhani nimeota mapembe. Taya langu limefungwa waya, hii wiki ya tano nanywa uji kwa mrija. Dada Zuhura akusomee yote, asiruke kitu, hata ukilia.

Nimepigwa, Mama. Na nilistahili, ingawa siku ile sikuona hivyo.

Nilikwambia kazi yangu ni zile nyumba kongwe za Mji Mkongwe zinazoporomoka wakati wa masika. Tunabandika vipimo kwenye nyufa. Ufa ukipanuka, mtambo unatuma onyo kupitia mnara wa simu, kwa wapangaji wote kwa wakati mmoja. Hatuwapigii mmoja mmoja, maana hadi umfikie wa kumi nyumba iko chini. Ni kama mbiu, inapigwa moja na masikio ni mengi. Ubaya wa mbiu ni kwamba hujui nani hakuisikia. Mwanzoni kila simu ilijibu kwamba imepata, na majibu yakafika mnarani kwa mpigo, yakakanyagana, onyo la pili likakwama. Nikayaondoa. Nikapanga onyo litumwe mara tatu, kisha mtambo unyamaze, na asiyelalamika nimhesabu amepata. Hilo sikulitoa kitabuni. Nililitoa kwako: piga hodi tatu, usipoitikiwa rudi zako, usimsumbue mwenye nyumba. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu na mimi nikavimba kichwa.

Asubuhi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ufa wa nyumba ya ghorofa tatu hapa Kiponda ukapanuka. Onyo likatoka. Watu wakamwagika kichochoroni na watoto, magodoro, na sufuria za moto. Nikasimama mkabala na mlango, kompyuta mkononi, kifua mbele. Ndipo akaja mbio Haji, fundi wa kuchomelea vyuma anayekaa Jang'ombe. Mama yake, Bi Mwanaheri, alipanga chumba cha nyuma huko chini, akipika mikate ya mchele ya kumimina, ya kuuza. Akaniuliza kama mama yake ametoka. Nikamjibu kwamba wote wamepata onyo. Akataka kuingia. Nikamkamata mkono, Mama, kwa nguvu zangu zote, nikamwambia asiwe mjinga. Tulikuwa bado tumeshikana nyumba iliposhuka.

Boriti zilipasuka moja moja, kisha vumbi la chokaa likatujaa midomoni. Tulichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Haji ndiye aliyeuona mkono wa mama yake, umejaa chokaa na uji wa mchele. Kichwa chake sitakuandikia. Simu alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, nzima, inawaka, haina ujumbe hata mmoja. Kuta za kule nyuma unene wake ni mkono mzima, na zilikula mawimbi ya simu mara zote tatu. Ukuta ulipoanguka njia ilifunguka, lakini mtambo wangu ulikuwa umeshanyamaza.

Siku ya tatu ya msiba nikaenda, wala si kuomba radhi. Nilibeba karatasi kuonyesha kwamba onyo lilitoka, kosa si langu. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu unaijua, huwa inageuka hasira. Nikamweleza Haji mpaka ile hesabu yangu ya hodi. Alinisikiliza hadi mwisho, akazikunja zile karatasi.

"Hodi tatu ni za mgeni," akasema. "Nnakuuliza, na ya nne ungepungukiwa nini?"

Nikamwambia ni mama yake angepaswa kukaa karibu na dirisha. Neno hilo nalijutia kuliko yote niliyopata kusema. Ngumi yake ya kwanza ilinivunja taya, nikausikia mfupa ndani ya sikio. Na mimi mwanao, msibani kwa watu, nikampiga kichwa cha mdomo, meno mawili yakatoka. Baada ya hapo walikuwa wengi. Walinipiga kwa mateke, kwa mguu wa kiti, mmoja akanikanyaga vidole akivisaga kama anazima sigara. Wazee waliacha kisomo wakaja kunizingira, la sivyo ungeletewa maiti.

Hospitalini nilimuua Haji mara nyingi kichwani mwangu, kwa nondo, kwa maji ya moto. Kila nilipomaliza, nilijiona pale pale mlangoni, nimemshika mkono. Nikaomba karatasi, nikaanza kuupanga mtambo upya. Sasa simu moja ya kila ghorofa inajibu kwa niaba ya nyingine, majibu hayakanyagani tena mnarani. Simu iliyokosa onyo inalipata kwa simu ya jirani. Na mtambo haunyamazi mpaka kila chumba kimehesabiwa. Kisichojibu, kinatajwa kwenye simu za wote.

Nyumba ya jirani ilikuwa imeegemea ile iliyoanguka, na ufa wake ulikuwa unaingia ngumi. Wapangaji hawana pa kwenda. Nilipopeleka mtambo, mmoja aliupasua kwa shoka, mwingine akanitupia jiwe likanipita sikioni. Haji akawazuia. Usidhani ni huruma, macho yake hayakuwa na huruma.

"Pana chumba cha nyuma chini, watu wanakiogopa," akaniambia. "Kalale humo wewe. Onyo likikufika humo, litawafika wote."

Nikahamia na mtambo mwingine. Najua unanitaka nirudi Ujiji, na hili nilikuficha.

Ijumaa iliyopita, mchana, mvua kubwa, nilikuwa nimejilaza mkekani. Simu yangu haikulia. Nilisikia vishindo ngazini nikadhani watoto wanacheza. Mara mlango ukang'oka kwa teke na Haji akaingia na nondo mkononi. Nikajua leo ndiyo leo. Akanikamata shingo ya shati, akaniburuza korido nzima, goti langu likipasuka kwenye kizingiti, akanitupa kichochoroni kati ya wapangaji. Tukahesabiana. Tulikuwa kumi na tisa na wote tupo. Ukuta wa nyuma ukaanguka, ukafunika chumba changu na mkeka wangu.

Kuta zilikuwa zimelila hata onyo la simu ya jirani. Haji alikuwa amekuja kwa shangazi yake wa ghorofa ya kwanza, akaliona jina la chumba changu kwenye simu. Nilimtazama, siwezi hata kusema ahsante. Akafuta chokaa usoni.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini hukujibu."

Siji sasa, Mama. Ipo nyumba ya tatu.

Nisalimie Dada Zuhura msomaji wako, Baba Mdogo fundi cherehani, na shangazi aliyenifungia dagaa wa safari. Niombee dua, na umwombee Bi Mwanaheri kabla yangu.

Mwanao,
Ramadhani