Kilomita Zilizopanda Pikapu

Shangazi Nelima, salamu nyingi kutoka Kitengela, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu nimejitia kwenye shida na sijui nitatokaje. Mimi na mke wangu Wilkister tunaendesha baiskeli na kikundi cha kanisa tangu daktari anionye kuhusu presha, na kila mwisho wa mwezi kila mtu anasema amefikisha kilomita ngapi. Yeye ana kile kikompyuta cha baiskeli kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, mimi nikakataa kununua changu kwa sababu niko na GPS ya mkono, ile ninayoonyeshea wateja mipaka ya ploti, nikaifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu na ikafanya kazi vizuri kabisa. Sasa mwezi wa tatu niliacha lami kule Isinya nikaangalie ploti fulani, miiba ikatoboa magurudumu yote mawili, nikaitia GPS mfukoni isiibwe, na Saruni, jamaa wa kuuza mbuzi, akanibeba mimi na baiskeli kwenye pikapu yake mpaka karibu na geti letu. Nilisahau kuizima. Jioni Wilkister akaisoma, kilomita sabini na moja, kasi ya juu themanini na nane, akashika mdomo. "Baba Mwende, themanini na nane? Ulikuwa unakimbizwa na nini?" Nami badala ya kusema ukweli nikasema, "Kulikuwa na mteremko."

Shangazi, alinitazama vile hajanitazama tangu tuoane, akanipikia kuku, akasimulia kanisa zima, na mimi nikanogewa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisahau mfukoni makusudi nikipeleka wateja Rongai kwa gari, na sasa ninaongoza kikundi, Jumamosi nitavishwa jezi ya bingwa na yeye ndiye atakayenivisha. Halafu naye ameamua kunifikia, anatoka peke yake alfajiri hadi Kajiado na kurudi kwenye ile barabara ya malori, goti limemvimba na hataki kupumzika. Nikimwambia, atanidharau? Au nivae tu jezi, halafu niache polepole?

Masila, Kitengela

Shangazi Nelima anajibu:

Masila, nilicheka mpaka nikaweka barua chini, kisha nikafika kwenye goti na kicheko kikaisha. Umenieleza habari za mpira wa tyubu, miiba, kuku na jezi, ndipo ukakumbuka goti la mkeo mwishoni kabisa. Ungeanza nalo.

GPS yako haina kosa. Ilipima ulikoenda, na ulienda kwa pikapu. Kikompyuta cha Wilkister kimefungwa kwenye baiskeli, gurudumu lisipozunguka kinanyamaza. Hiyo GPS yako inaingia mfukoni, na mfuko ni wako.

Naelewa kilichokunogea. Mtu ameonywa na daktari, anajiona amezeeka, halafu mkewe anamtazama kama kijana tena. Siku ya Saruni nakusamehe. Safari za Rongai sikusamehei, na wala usinitajie mteremko.

Unauliza kama atakudharau. Atakasirika, bila shaka, na siku mbili tatu utajipakulia ugali mwenyewe. Lakini huyo ni mwanamke anayeamka gizani kukanyaga pedali na goti bovu ili awe pale ulipo. Anayekudharau hajisumbui hivyo. Anakupenda, ndugu yangu, na wewe unamchosha bure.

Kwa hivyo usingoje Jumamosi. Ukimaliza kusoma hapa, mketishe umweleze yote kuanzia pikapu, na usiruke Rongai hata mara moja. Mpigie mwenyekiti wa kikundi wewe mwenyewe, jina lako lishuke. Mpeleke Wilkister akaangaliwe goti, na GPS ibaki nyumbani. Goti likipona, mwendeshe baiskeli pamoja, yeye ahesabu kwa kikompyuta chake na wewe usiongeze hata sifuri moja bila ruhusa yake.

Na ikiwa kutapambazuka kabla hujapata ujasiri, ukamsikia anavaa viatu, simama mlangoni umwambie hapo hapo. Dereva wa lori hatangoja wewe ujipange.