Jibu la Posa, Kutoka Lusaka

Swedi, mchumba wangu wa zamani,

Posa yako imefika. Shangazi yako alikwenda nyumbani kwetu Buyenzi, huko Bujumbura, na vitenge viwili na maneno matamu, akakaa na baba mpaka chai ikapoa, na jana baba akanipigia simu kunieleza. Unajua desturi zetu: msichana haulizwi, wazee hujibizana. Safari hii baba alimwambia, "Dada, mutoto yangu iko Lusaka, anatumika kazi kule. Mi siwezi kumujibia. Mungojee, atajibu yeye mwenyewe." Basi ndiyo hii najibu. Kama shangazi yako ameona ni kukosa adabu, mwambie anisamehe, ila sitamwachia mtu mwingine jibu langu.

Kwanza nilicheka, kisha nikakumbuka ulivyonipata. Baba alikuwa fundi wa viti vya magari, watu wanamfuata kutoka mtaa wa Nyakabiga mpaka ule wa Buterere, na wote waliamini kwamba mshono ule ulionyooka ni wa mkono wake. Wewe peke yako ndiye uliyechungulia. Ulileta viti vya teksi yako, ukaomba maji ya kunywa, ukapitiliza hadi ua wa nyuma, ukanikuta nimekaa mkekani, kiti chako mapajani na uzi mdomoni. Ulirudi mbele kwa baba ukasema kwa sauti ili nisikie, "Fundi, mukono yako imekuwa muzuri sana siku hizi." Nilicheka hadi nikajichoma kidole. Tangu hapo viti vya teksi yako vikawa vinachanika kila mara, tena palepale niliposhona, mpaka baba akakuuliza kama unabeba abiria au mbuzi.

Tungeoana mwaka ule, kama vita visingetukuta.

Kuna mchana mmoja ambao hupendi kuuzungumza. Uliingia mbio na teksi, kiti cha nyuma kina tundu la risasi na kimelowa damu. Ulikuwa umemtoa mzee mmoja Carama, kwenye mapigano, ukamfikisha hospitali, na hukujua kama alipona. Nilifua ile sponji kwenye beseni, nikamwaga maji, nikaweka mengine, nikamwaga tena. Ulisimama mlangoni ukaniambia, "Usiseme kwa mutu. Wakiuliza, hii gari leo haikutoka kwetu Nyakabiga." Nilishona kiraka juu ya tundu, nikakiweka vizuri hata mwenyewe usingekiona.

Baada ya siku ile baba akaweka sharti: kabla ya kushika sindano, ulizia gari ni la nani na limetoka wapi. Gari lililoonekana katika mtaa usio wake lingeweza kuvuta wenye bunduki mpaka mlangoni kwetu. Baba aliuliza, mimi nasikiliza nyuma ya pazia, na kila mtu alidanganya. Aliyetoka Carama alisema ametoka sokoni. Aliyetoka sokoni alisema gari halijatembea wiki nzima. Na wewe ukanidanganya pia, Swedi. Popote ulipotoka, uliniambia umetoka nyumbani, na mimi nikakubali, maana nilijua unanificha hofu yako. Tulipendana hivyo, kwa uongo wa huruma. Sikulaumu, na sijawahi kukulaumu.

Kisha kazi ikakatika. Nani angeshona viti wakati magari yenyewe yanafichwa? Mjomba wangu, anayefanya biashara huku Lusaka, akatuma habari kwamba kuna karakana inatafuta fundi. Baba alikubali kabla mama hajamaliza kulia. Wewe ulinikuta bandarini umekunja uso. "Mwanamuke kuenda kutumika peke yake kwa inchi ya watu? Watu watasema nini, we Zaina?" Nikakujibu, "Watasema nimeenda kutumika." Hukucheka. Ukaondoka kabla meli haijafunguliwa kamba. Ilikuwa meli ya mizigo inayokwenda bandari ya huku, Mpulungu, kuchukua sukari, na nililia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mwenye karakana ni mwanamke, Madamu Tembo, mnene, mkali, mfuko wa karanga haumtoki mkononi. Siku ya kwanza alinileta mbele, barabarani kabisa, akanionyesha gari lenye milango wazi na mwenye gari amekaa kwenye benchi anangoja. Nikamuuliza yule bwana, kwa Kiingereza changu cha kuokota: gari ni la nani, limetoka wapi, wewe unakaa mtaa gani? Akanijibu yote. Gari ni lake, ametoka Kabwe, amelala kwa mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe ana maneno. Nilisimama na sindano mkononi nikingoja uongo uje. Haukuja. Madamu Tembo akapiga kelele, "Wewe ni fundi au ni polisi wa mpakani?" Karakana nzima ikaangua kicheko.

Niliendelea kuuliza. Mwanzoni ni woga tu, ulimi ulishazoea. Lakini nakwambia kweli, baada ya miezi nilikuwa nauliza kwa sababu napenda kusikia watu wakijibu. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kutaja anakotoka bila kutazama mlango kwanza. Nilifikiri dunia yote iko hivi kama sisi.

Na kukaa mbele kulinitisha kuliko risasi. Mteja akiuliza nani ameshona hivi, nilikuwa naangalia nyuma kumtafuta baba. Ilinichukua muda mrefu kusema "mimi". Siku hizi nalisema hata sijaulizwa. Juzi nilimwambia bwana mmoja mkubwa mwenye tai kwamba sponji aliyoleta ni takataka, akanunue nyingine. Akaenda akanunua.

Usidhani ugeni ni asali. Kuna wanaoniita mkimbizi mbele ya wateja. Ndagala za huku, dagaa wale wadogo, hazina ladha, na redio ikitaja Bujumbura napoteza mshono. Bado nafunga Ramadhani, bado namwogopa mama. Lakini mtu niliyekuwa nyuma ya pazia, huyo sitaweza tena kuwa, na simlilii.

Sasa posa yako. Shangazi alisema utanijengea chumba nyuma ya nyumba, na cherehani mpya, na viti utaniletea mwenyewe, nishone pasipo mtu kuniona. Najua umesema kwa mapenzi. Nimekupenda miaka hii yote, na sioni aibu kuliandika. Lakini chumba hicho nakijua, Swedi. Nimekulia humo.

Ninarudi baada ya Idi. Wanasema bunduki zimeanza kuchoka, na zisipochoka nitarudi vilevile, kwa sababu nataka kushona kwetu. Nimemwambia baba kwamba mashine nitaiweka mbele ya nyumba, barabarani, na benchi ya wateja pembeni. Akauliza, "Na jua?" Nikasema nitafunga turubai. Akasema, "Basi nunua huko. Ya hapa inapasuka."

Jibu langu ni hili. Nikishafungua, uje na teksi yako mchana, watu wakiwepo. Ukae kwenye benchi na wateja wengine, ungoje zamu yako, uniangalie nikishona. Nitakuuliza kama ninavyowauliza wote, "Umetoka wapi?" Na wewe utaje ulikotoka, kweli yake, kwa sauti, hata kama ni Carama.

Ukifanya hivyo, mwambie shangazi arudi kwa baba na vile vitenge. Ukituma viti vije bila wewe, nitavishona vizuri sana, na utalipa kama wateja wengine.

Mchumba wako wa zamani, na fundi wa viti vyako tangu mwanzo,
Zaina