Mama Mkwe na Neno Pole

Chumba cha uani,
Kwa fundi cherehani.
Jumanne, tarehe tisa, mchana.

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikufikie kabla ya habari yoyote, na kabla ya yote nikuulize: mguu unaendeleaje? Unalala vizuri? Unakula? Shemeji kwenye simu anasema hujambo, lakini Shemeji unamjua, hata nyumba ikishika moto atasema kuna joto kidogo. Nataka nisikie kwako mwenyewe. Sisi huku wazima, Mungu hajatuacha. Binti yangu amepita hapa mlangoni akauliza kama hii ni barua au ni kitabu, nami nimemwambia akusalimu kwanza ndipo aulize. Anakusalimu.

Barua hii naiandika nikiinuka na kukaa. Niliianza asubuhi niliporudi kutoka mafunzoni, nikaenda kufagia uwanja nilioufagia jana, nikarudi, nikainuka tena kuangalia maji jikoni na wala sikuwa nimebandika maji. Nivumilie ikirukaruka. Alhamisi nina mtihani, Dada, na moyo unanienda kama cherehani ya mwenye nyumba shule zikikaribia kufunguliwa.

Uliposikia nimerudi darasani kwa umri huu nijifunze kuwanyoosha mbwa na farasi, uliuliza kama watu wa kukanda wameisha. Hawajaisha. Nimekanda wazazi, nimekanda waliopooza, na nilimkanda daktari wa mifugo bega lililoteguka. Yeye ndiye aliyeniambia, mikono hii isiishie kwetu tu, nenda kuna mafunzo. Nikasali juu yake, nikaenda. Mwalimu wetu ningeweza kumzaa, lakini akisema nyamaza, nanyamaza.

Usicheke, kazi ni kazi. Kuna mbwa mzee, miguu ya nyuma ilikuwa imelegea kabisa. Tunamwita Karani kwa sababu kutwa alikuwa amekaa tu. Tulikuwa tunamtembeza ndani ya birika kubwa la maji ya uvuguvugu, maana maji yanambeba mwili, yeye kazi yake ni kurusha miguu. Siku moja tukamtoa, tukamfuta, tukageuka kuzungumza. Karani akainuka mwenyewe, akaenda mpaka kwenye mkoba wangu, akala mkate wangu wote. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi nilishinda na njaa, nikimshukuru Mungu.

Nilimwuliza mchungaji kama si dhambi kumwombea mnyama. Akaniambia, "Kwani yeye kaumbwa na nani, fundi seremala?" Basi nawaombea wote.

Lakini Karani siye anayeninyima raha. Ni farasi.

Kila mwanafunzi alipewa mnyama wake, mimi nikapewa farasi jike mweusi anayeitwa Mama Mkwe. Jina amelipata kwa haki: unamsugua, unampa majani, unamsafisha kwato, naye anakutazama kwa pembeni kama vile kazi yote umeiharibu. Alichanika mshipa wa mguu wa mbele. Daktari amesema umeshaunga, kilichobaki ni kutembezwa. Nami namtembeza. Anakwenda hatua kadhaa, anasimama. Tunaanza tena, anasimama. Namgusa mguu, hauna joto, haujavimba. Nilikuwa narudi nyumbani nikilia.

Mwenye farasi alikuja akakunja mikono pale uzioni. Akasema yeye hafugi pambo. Siku ya mtihani atakuja kuangalia, na kama bado anasimamasimama hivi, atamwondoa. Nikamwuliza, "Utampeleka wapi, baba?" Akatazama viatu vyake. Hapo nikaelewa.

Sasa sikia. Unajua sisi tulivyolelewa: mtu akijikwaa, pole, akikohoa, pole, akibeba mzigo wake mwenyewe kwa hiari yake, pole. Basi kila Mama Mkwe alipoinamisha kichwa kidogo tu, mimi, "Pole mama. Pole, pole." Wenzangu wakanibandika jina, Mama Pole. Sikujali.

Jumapili tuliimba sana kwaya, sauti ikakauka kabisa. Jumatatu nikamshika hatamu kimyakimya, nikatangulia. Dada, alitembea! Alikwenda mpaka geti la mwisho, akazunguka, akarudi, mguu sawa na mwingine. Mwalimu akaja mbio. "Mama Pole, leo umempa nini huyu?" Nikamwonyesha koo langu, sauti hakuna. Mtunza mazizi alikuwa anasukuma toroli la samadi, akaliachia akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu si alikuwa wa kuvuta gari? Alifundishwa maneno mawili: twende, na pole. Ukisema pole, anasimama."

"Na siku zote ulinyamaza?" mwalimu akamwuliza.

"Mwalimu, nilidhani mama anamsalia!"

Leo asubuhi sauti iliporudi nilijaribu. Nilinong'ona tu. Akasimama pale pale kama gari lililokanyagwa breki, akanigeuzia lile jicho lake la ukwe. Kumbe hakuwa anaumwa. Alikuwa ananitii.

Nimeinuka tena, nimerudi. Utasema basi, ugonjwa umejulikana, hofu ya nini? Hofu ni ulimi wangu. Jaribu wewe kukaa bila neno hilo uone. Mwenye nyumba kajichoma sindano muda si mrefu, nikaziba mdomo kwa mkono, sasa anadhani nimemnunia. Binti yangu amejipa kazi ya kunikoholea kila likinitoka. Nimenunua pipi za kuziba mdomo. Na bado, leo hii hii, baada ya kujua yote, Mama Mkwe amekanyaga jiwe nami nimemwambia pole, pipi ikadondoka. Akasimama. Alhamisi likinitoka mbele ya mwenye farasi, nitamweleza nini? Yule haji kusikiliza maneno, anakuja kuangalia miguu.

Sasa Dada, nisikilize mdogo wako, na usinikasirikie. Shemeji ameniambia daktari wako naye amesema mfupa umeunga, utembee kidogo kidogo. Fimbo mmenunua, iko nyuma ya mlango. Kila ukitaka kuinuka anaingia jirani, pole mama, pole sana, nawe unakaa. Na mimi ni mmoja wao. Sijawahi kukupigia simu nikaanza na neno jingine. Sisemi huumwi. Mguu ni wako, unaujua wewe. Ila tangu asubuhi nikimfikiria farasi nakuona wewe, na nikikufikiria wewe namwona farasi, ndiyo maana sikaliki. Inuka, Dada. Ufike mlangoni tu. Shemeji akushike mkono, na akae kimya, ingawa kwake hilo litakuwa gumu kuliko kwako mguu.

Msalimie yeye Shemeji, msalimie Mama Mdogo, na yule jirani yako mshonaji wa vikapu. Mwambie nampenda, lakini aje na habari nyingine. Mungu aliyeumba kila kiungo akushike pale mikono yetu isipofika. Niombee Alhamisi. Usiniombee nifaulu, niombee ninyamaze.

Na safari hii sikuandikii neno lile. Tafadhali nijibu upesi, uniambie umefika wapi: mlangoni, barazani, au getini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kila siku,
Mama Pole