Aliyebatizwa Mara Mbili

9 Januari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Natumai dawa unaimeza, humwagii maua ya Mama. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Kazi ya udobi hapa hotelini ni ileile, mashuka hayaishi.

Sasa Baba, kaa kitako. Nimepata mchumba. Ni fundi wa lifti, mpole, halewi, na anacheka vichekesho vyangu hata visivyochekesha. Tunataka kufunga ndoa mwezi wa sita. Ila nisikufiche: ni mtu wa Kanisa la Juu. Najua mji wetu ulivyo. Shule mbili, makaburi mawili, hata mkate hatununui kwa mwokaji mmoja. Lakini huku hakuna anayemuuliza mwenzake anasali wapi. Naomba radhi yako, na naomba uje.

Mwanao


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumezoeana kama mke na mume. Mama yako anakusalimu, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Winchi ya mwisho bandarini wameikata juzi, wameiuza chuma chakavu. Kiwanda cha meli chote sasa ni uwanja wa kulala mbwa.

Kuhusu huyo fundi wa lifti: hapana. Wanaume wamejaa dunia nzima, wewe ukaenda kuokota kulekule! Umemsahau mjomba wako? Alikuwa kibarua wa kukwangua kutu kwenye meli, hana ugomvi na mtu, na hao watu wakamkimbiza mpaka akafa maji. Wewe ulikuwa na miaka sita. Mpaka leo Mama yako hapiti njia ya bandarini, kwa sababu ya kaka yake huyo. Kanisa lao mimi sikanyagi. Usinipandishe presha.

Babako


20 Februari

Baba,

Shikamoo. Nililia siku tatu, halafu nikakasirika, sasa nimetulia kidogo ndiyo nakuandikia.

Jumapili nilikwenda kusali na mchumba wangu. Ikafika Baba Yetu. Wewe unajua, pale tunapoishia sisi, wao hawaishii, wana maneno yao ya mwisho, ya ufalme na nguvu na utukufu. Baba, niliyajua yote. Niliyasema pamoja nao kabla sijafikiri. Na sikuyapata popote ila kwako. Nilikuwa darasa la nne, ukashikwa na homa ile kali, ukawa unasali kitandani macho umefumba, ukamalizia hivyohivyo. Mama akakuziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani ni homa tu inakusemesha.

Fundi wa kinu cha unga, muumini wa Kanisa la Chini tangu kuzaliwa, amejifunzia wapi sala ya watu asiotaka hata kuwaona? Niambie ukweli. Mimi si mtoto tena.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Barua hii nimeichana mara nne, mpaka Mama yako akauliza karatasi zote hizi za nini. Bahati yangu hajui kusoma.

Hivi uliwahi kuniona na unga hata siku moja, hata kwenye nyusi? Sikufanya kazi kwenye kinu. Nilikuwa mchomeleaji kiwanda cha meli, miaka kumi na tisa. Kule kazi ya ufundi hukupewa bila barua ya mchungaji wa Kanisa la Juu. Watu wa kwetu waliachiwa kutu, kibarua cha siku kwa siku. Wewe ulikuwa tumboni, nyumbani hakuna kitu. Nikaenda upande wa pili wa mji, ambako hawanijui, nikabatizwa mara ya pili. Waliojua ni Mama yako na mjomba wako tu. Kila asubuhi kabla ya king'ora tulisimama kusali, na ukikosea yale maneno ya mwisho, umekwisha.

Kisha kazi za meli zikapungua, watu mia tatu wakaachishwa. Maneno yakaanza: wa Kanisa la Chini ndio wanaotumaliza. Siku moja, saa ya chakula, wanaume wakashika nyundo wakaelekea gatini walikokuwa vibarua. Nami nikaenda. Ningefanyaje? Anayebaki nyuma anaulizwa kwa nini. Vibarua wakajitupa majini, wakarushiwa vipande vya chuma wasipande. Mjomba wako alikuwa mmoja wao. Mimi nilisimama nyuma kabisa, sikuona vizuri. Mama yako nilimwambia nilikuwa ndani ya meli nachomelea, sikusikia lolote. Kesho yake nikarudi kazini, na miaka kumi na tatu mingine nikasali nao.

Basi si chuki, mwanangu. Naona aibu. Ukinisimamisha kanisani mwao nitayasema maneno yale bila kukosea hata moja.

Babako


11 Mei

Baba,

Shikamoo. Leo sina nguvu ya kuuliza kifua, unisamehe.

Mwambie Mama. Umwambie wewe, si mimi. Siwezi kula naye sahani moja huku najua kwamba ulikuwepo kaka yake alipokufa, na yeye hajui. Usipomwambia kabla ya harusi nitamwambia mimi, na sitakusitiri.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu,

Salamu zimenishinda leo. Tupo.

Nimemwambia. Ilikuwa Jumamosi, anachambua mchele, nikavuta kigoda nikamsimulia kama nilivyokuandikia wewe. Hakulia. Aliendelea kuchambua, halafu akaniuliza neno moja tu: "Alikuona?"

Miaka yote hiyo nimejiandaa kwa matusi, kwa sufuria ya kichwa. Swali hilo sikuliwaza. Nikainama kuokota punje zilizomwagika sakafuni. Akasema, "Mume wangu, nimekuuliza. Alikuona?"

Aliniona. Nilikudanganya wewe, nilitaka kumdanganya na yeye, nikashindwa. Sikusimama nyuma. Nilikuwa mbele, ukingoni kabisa. Alishika ngazi ya chuma ya gati, akainua uso, akaniita, "Shemeji!" Aliniita kwa furaha, mwanangu. Alijua amepata mtu wa kumvuta. Wenzangu wakageuka kunitazama. Nikasema huyu simjui. Halafu nikaikanyaga mikono yake mpaka ikaachia.

Mama yako akaufunika mchele, akahamia chumba ulichokuwa ukilala wewe. Ananipakulia chakula, ila hasemi nami. Jana tu ndiyo amenena: nikuandikie kwamba atakuja harusini. Tiketi ya treni nimekata leo asubuhi, moja, kama alivyotaka. Barua hii ataileta yeye.

Radhi uliyoniomba Januari unayo. Kama huitaki tena, nitaelewa. Lakini nijibu, hata mstari mmoja.

Babako


19 Septemba

Mwanangu,

Hujambo, na mumeo hajambo? Kifua kimerudi na kikohozi chake, si neno.

Mama yako alirudi salama. Majirani ndio walionihadithia kwamba ulipendeza na kwamba mumeo alimshika mkono mpaka kwenye treni. Nilimuuliza kama ulimpa chochote aniletee. Akaendelea kufungua mizigo yake.

Labda barua zinapotea njiani, siku hizi posta haiaminiki. Anuani yetu ni ileile.

Babako